Tangi au bodi ya meli: uzibe mlango upi kwanza dhidi ya viumbe vamizi?

Ukitaja viumbe vamizi mbele ya watu wa meli, mazungumzo huenda moja kwa moja kwenye maji ya balasti, yale ambayo meli hujaza matangini ili isiyumbe ikiwa haina shehena. Hawana makosa. Huko ndiko kwenye mkataba, vyeti, mitambo ya bei kubwa na mkaguzi anayekuja na chupa za sampuli. Ila kome, kaa, viti vya pweza na jamaa zao wote wasio na uti wa mgongo wana milango miwili ya kuingilia melini: wa ndani, yaani matangi, na wa nje, yaani bodi, gamba la nje la meli pale linapozama majini. Mlango wa nje hauna kipimo cha kimataifa cha kufaulu au kufeli, basi unaachiwa rangi ya chelezoni na matumaini. Kwa meli nyingi, nadhani hapo ndipo pesa zinapokosa kwenda.

Ulinganisho huu ni wa mtu anayepaswa kuamua: msimamizi wa meli ambaye bajeti haimtoshi kufanya yote, au afisa wa bandari anayejiuliza aanze kukagua wapi.

Wanaosafiri ndani na wanaosafiri nje

Meli ikishashusha shehena inakuwa nyepesi: inapanda juu, rafadha inakaribia uso wa maji, na bahari ikichafuka kidogo tu inayumba. Ndiyo maana inavuta maji ya bandarini na kuyajaza matangini, kisha inayamwaga kule inakokwenda kupakia. Maji hayo yamejaa uhai. Kome mzima haendi popote, lakini mtoto wake huelea wiki mbili hadi nne akiwa lava asiyeonekana kwa macho, na muda huo unaitosha meli kuvuka Atlantiki na siku zikabaki. Njia hiyo ndiyo inayoshukiwa kumpeleka kome pundamilia, Dreissena polymorpha, mwenye asili ya eneo la Bahari Nyeusi na Kaspi, hadi Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini. Alionekana Ziwa St. Clair mwaka 1988. Ndugu yake, kome kwaga, alionekana Ziwa Erie mwaka uliofuata. Wote wawili huziba mabomba ya kuvutia maji ya miji na mitambo ya umeme, na huchuja planktoni, vijiumbe wadogo wanaoelea majini, mpaka wanaowategemea hao planktoni wanakosa chakula.

Kisa cha Bahari Nyeusi kinaonyesha ni wasafiri wachache kiasi gani wanatosha. Mnemiopsis leidyi, kiumbe laini anayefanana na konyeza lakini asiyewasha, alitoka pwani za Atlantiki za bara la Amerika na kuonekana huko mwaka 1982. Kila mmoja ni dume na jike kwa pamoja na anaweza kujirutubisha mwenyewe. Kufikia mwisho wa miaka ya 1980 alikuwa amewala planktoni pamoja na mayai na watoto wa samaki, na uvuvi wa dagaa aina ya anchovi ukaporomoka, ingawa uvuvi wa kupita kiasi nao ulichangia. Mwaka 1997 akaja jamaa yake mwingine, Beroe ovata, ambaye chakula chake ni huyo huyo Mnemiopsis, na hali ikapata nafuu. Mgeni wa pili kumla wa kwanza ni bahati nasibu. Asiwepo mtu wa kuiweka kwenye mpango kazi.

Sasa njoo nje. Mwezi Machi 1999 kome wadogo aina ya Mytilopsis sallei walikutwa kwenye maegesho ya mashua huko Darwin, Australia. Uchunguzi wa miezi sita kabla haukuwa umewaona. Sasa sehemu nyingine walikuwa zaidi ya 20,000 katika mita moja ya mraba. Katika kisa hiki hakuna tangi la balasti: wanaoshukiwa ni mashua za matembezi zilizowabeba wakiwa wameganda chini. Darwin iliokolewa na kupwa na kujaa kwa maji. Kwa kuwa bahari ya pale hupanda na kushuka kwa mita kadhaa, maegesho yake yana malango ya kuzuia maji yasikauke. Malango yakafungwa, ikamwagwa klorini na salfeti ya shaba, kome wakaisha. Vilivyokufa pamoja nao ni karibu kila kitu kilichokuwa humo ndani. Ni mojawapo ya visa vichache mno ambapo kiumbe vamizi wa baharini aliyekwisha kujikita aling'olewa wote.

Ukiilinganisha milango hii miwili, tofauti kubwa iko kwenye hali ya wasafiri. Tangi hubeba wengi, wachanga, waliotawanyika. Wakimwagwa bandarini, kila mmoja anaanza maisha peke yake, na wengi huliwa au husombwa kabla ya kukua. Bodi hubeba wachache zaidi, lakini ni wazima na wamekaa bega kwa bega. Kome na chaza wengi hurutubishana majini: dume anamwaga mbegu, jike mayai, na wakiwa mbalimbali hakuna kinachotokea. Kundi lililoshikana bodini limekwishavuka kikwazo hicho. Isitoshe, meli inapoingia kwenye maji yenye joto au chumvi tofauti, mshtuko huo wenyewe unaweza kuwafanya wazae wote kwa wakati mmoja, pale pale gatini.

Kuna pia wasio na lava wa kuelea hata kidogo. Caprella mutica, kijidudu chembamba jamaa ya uduvi kutoka kaskazini mashariki mwa Asia, hubeba watoto wake mfukoni mpaka wawe nakala ndogo zake. Alionekana Uholanzi mwaka 1995 na leo yuko pwani nyingi za Ulaya. Anasafiri kwa kushikilia: kwenye bodi, kwenye boya, kwenye vifaa vya ufugaji wa chaza. Mtambo wa balasti wa bei yoyote haumgusi huyo.

Kubadilisha maji baharini au kuyatibu melini

Upande wa matangi, Mkataba wa Maji ya Balasti wa Shirika la Kimataifa la Masuala ya Bahari, IMO, ulipitishwa mwaka 2004 na kuanza kutumika tarehe 8 Septemba 2017. Una vipimo viwili. D-1 ni kubadilisha maji ukiwa bahari kuu: maili 200 za baharini kutoka nchi kavu na kina cha mita 200 (ikishindikana, maili 50 kwa kina hicho hicho), na angalau asilimia 95 ya ujazo ibadilike. Anayefurisha tangi badala ya kulimaliza kwanza anatakiwa kusukuma mara tatu ya ujazo wake. Hesabu hiyo ina mantiki: maji yakichanganyika vizuri, kila ujazo mmoja unaopita unaacha kama asilimia 37 ya yale ya zamani, na baada ya mara tatu inabaki kama asilimia 5.

Lakini viumbe hawafuati hesabu ya maji. Ingia kwenye tangi lililokwisha kumwagwa uone: katikati ya mbavu za chuma kuna madimbwi ambayo pampu haiyafikii, na chini ya madimbwi tope laini la bandari iliyopita, juu ya tope la bandari ya kabla yake. Humo wamo minyoo, kaa wachanga waliojibana pembeni, na mayai ya viroboto maji yenye ganda gumu yanayoweza kulala muda mrefu yakisubiri maji yanayoyafaa. Ndiyo sababu hata meli iliyojaa shehena, ambayo kwenye karatasi haina balasti, iliendelea kuwa hatari kwa Maziwa Makuu ya Amerika Kaskazini: ilikuwa inaingia na mabaki hayo, inaongeza maji ya ziwani juu yake, inakoroga, kisha inamwaga.

Dawa ya huko ilikuwa rahisi kuliko nilivyotarajia kuikuta kwenye rekodi. Kanada kuanzia 2006, kisha mamlaka za njia ya maji ya St. Lawrence upande wa Marekani kuanzia 2008, zilitaka hata matangi "matupu" yasuuzwe kwa maji ya chumvi ya bahari kuu. Viumbe wapya walioripotiwa maziwani baada ya hapo walipungua sana. Chumvi ndiyo iliyoua. Kiumbe wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, akikutana na maji ya bahari kuu ghafla, wachache wanapona. Kwa hiyo kubadilisha maji ni silaha nzuri pale safari inapotoka mtoni kwenda mtoni kwa kupitia bahari, na ni silaha butu pale inapotoka bandari ya chumvi kwenda bandari ya chumvi. Kwa safari za kuambaa pwani haisaidii kabisa, maana mara nyingi meli haifiki hata maili 50.

Kubadilisha maji baharini kuna pia hatari yake. Julai 2006 meli ya kubeba magari, Cougar Ace, ililala ubavu kusini mwa visiwa vya Aleutian wakati ikibadilisha balasti, ikiwa na magari zaidi ya 4,700. Kumwaga na kujaza tangi baharini kunachezea uzani wa meli palepale inapouhitaji zaidi, na nahodha anayeamua kuahirisha kwa sababu ya hali ya hewa hapaswi kulaumiwa.

Hata hivyo, uamuzi wa kubadilisha peke yake umepita wakati. Tangu tarehe 8 Septemba 2024 meli zilizo chini ya Mkataba zinatakiwa kufikia D-2, ambacho hupima kilichobaki hai: wawe chini ya 10 katika mita moja ya ujazo kwa viumbe wa mikroni 50 na kuendelea (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na chini ya 10 katika mililita moja kwa wale wa mikroni 10 hadi 50, pamoja na mipaka ya bakteria kama kipindupindu. Ni kipimo kikali, ila tusikigeuze kuwa sifuri. Meli inayomwaga mita 50,000 za ujazo inaweza kumwaga karibu viumbe 500,000 wakubwa na bado cheti chake kikawa safi. Ndiyo maana, kwa bandari za maji baridi, nashauri vyote viwili: mtambo ufanye kazi, na maji ya bahari kuu yaingie tangini pia.

Taa za UV au klorini

Hapa ndipo watu huangalia bei kwanza, kumbe wangeangalia maji. Mifumo mingi huanza na kichujio cha mikroni 40 au 50 wakati wa kuvuta maji. Kichujio kinamzuia kaa mchanga na lava aliyekwisha kuota ganda, lakini mayai madogo na wenye miili laini hupenya, na hapo ndipo hatua ya pili inapochukua kazi.

Taa za UV, yaani za mwanga wa urujuanimno, huharibu chembe za urithi za kiumbe ili asiweze kuzaliana. Hazihitaji kemikali, hazina masalia ya kumwaga, na zinafanya kazi iwe maji ya mto au ya bahari, ya baridi au ya joto. Udhaifu wake ni tope. Mwanga usiopenya haumfikii kiumbe, na bandari za mdomoni mwa mito ndizo zenye maji ya rangi ya chai. Mtambo utapunguza kasi ya pampu ili kufidia, na meli itakaa gatini kusubiri. Halafu maji hupitishwa kwenye taa mara mbili, yakiingia na yakitoka, kwa hiyo umeme unaliwa mara mbili, na ukubwa wa mtambo unakua sambamba na kasi ya pampu. Kwa meli ya makontena au ya abiria hilo linavumilika. Kwa meli kubwa ya mafuta inayovuta maelfu ya mita za ujazo kwa saa, ni mzigo.

Jambo moja linawaponyoka wengi wanaonunua UV. IMO hukubali kiumbe asiyeweza kuzaliana ahesabiwe kuwa amekwisha. Walinzi wa Pwani wa Marekani walikataa njia hiyo ya kuhesabu mwaka 2015 na wakashikilia kuwa lazima awe amekufa. Kwa sababu hiyo mtambo ule ule wa UV unaweza kuwa na masharti mawili, yale ya Marekani yakidai dozi kubwa zaidi na, kwa baadhi, maji yakae tangini muda maalumu kabla ya kumwagwa. Meli yenye safari fupi kwenda Marekani isome masharti hayo kabla ya kutia saini.

Klorini hutengenezwa melini kwa kupitisha umeme kwenye maji ya bahari. Haijali tope sana kama UV, inatibu wakati wa kuvuta tu, na mara nyingi sehemu ndogo tu ya mkondo ndiyo inayopita kwenye mtambo kisha inachanganywa na mengine, kwa hiyo meli kubwa huipenda. Na kwa kuwa dawa inabaki tangini kwa muda, inaendelea kuua walioponea kichujio. Lakini bila chumvi hakuna klorini. Bandari ya mtoni inakulazimu ubebe maji ya bahari kwenye tangi la akiba kwa ajili ya mtambo, na maji yakiwa ya baridi sana uzalishaji hushuka. Kuna gesi ya hidrojeni ya kutolewa nje kwa uangalifu, kuna rangi ya tangi ya kuangaliwa isiliwe, na kabla ya kumwaga lazima klorini iliyobaki ipoozwe kwa kemikali nyingine, kwa kawaida ishuke chini ya miligramu 0.1 kwa lita. Ukisahau hatua hiyo, unaua viumbe wa bandari unayoingia badala ya wale uliowabeba.

Njia ya tatu, kuondoa oksijeni kwa gesi, nitaitaja kwa kifupi: ni rafiki kwa chuma cha tangi, lakini inahitaji siku kadhaa ili ifanye kazi, kwa hiyo ni ya safari ndefu tu.

Bodi: shaba, silikoni na kona zilizosahaulika

Kwa nje hakuna mtambo wa kuwasha na kuzima. Kuna rangi, mwendo na usafishaji. Rangi zenye TBT, sumu iliyotengenezwa kwa bati, zilifanya kazi vizuri mno, kiasi cha kuwaotesha konokono wa kike viungo vya kiume. Mkataba wa kuzipiga marufuku ulianza kutumika mwaka 2008. Zilizobaki ni za aina mbili kuu.

Rangi ya shaba hujichubua polepole na kutoa sumu muda wote, hata meli ikisimama. Inafaa kwa meli ya ratiba isiyotabirika. Tatizo ni kwamba baadhi ya wavamizi wamezoea shaba. Watersipora subtorquata, kiumbe wa kuishi kwa makoloni anayetambaa kama ukoko mwekundu, huota juu ya rangi ya shaba, kisha wasioiweza shaba huota juu yake. Rangi ya silikoni haina kazi ya kuua. Uso wake ni laini, na maji ya mwendo huwaondoa wanaojaribu kushika. Kwa meli ya mwendo kasi isiyolala, ni chaguo zuri na huokoa mafuta. Kwa meli inayotia nanga wiki tatu ikisubiri shehena, hailindi vya kutosha.

Ila aina ya rangi ni nusu ya habari. Simama chini ya meli iliyopandishwa chelezoni utaona ubavu mpana ukiwa karibu safi, halafu kwenye tumbo mistatili ya kome na banakeli, viumbe wa magamba wanaoganda palepale, imepangana kwa vipimo sawa. Hapo ndipo vilipokaa vigogo vya kuegemeza meli chelezo lililopita, na rangi haikufika. Kisha fungua wavu wa kisanduku cha kuingizia maji ya kupoza injini: hakuna mkondo wa kuwasomba, maji mapya yenye chakula yanapita kila saa. Tundu la rafadha ya pembeni ya omo, bawaba za usukani, kingo za mabati ya kuzuia kuyumba, zote ni hivyo hivyo. Sehemu hizi ni ndogo kwa eneo, lakini huko ndiko wakazi waliko. Ukiweza kulipia kitu kimoja tu chelezoni, hamisha vigogo ili mistatili ya zamani ipakwe, na uweke kinga ya shaba kwenye visanduku vya maji.

Kusafisha meli ikiwa majini kuna mtego wake. Brashi isiyonasa uchafu inawapeleka wasafiri pale pale walipokuwa wanataka kwenda. Wa makoloni kama Didemnum vexillum huota upya kutoka kipande kilichokatika, na kome waliosumbuliwa wanaweza kumwaga mayai. Safisha mapema, wakati bado ni utelezi tu, na wakishaota magamba tumia kifaa kinachonyonya na kuchuja, au subiri chelezo.

Miongozo ya IMO kuhusu uotaji huu, ya mwaka 2011 na kurekebishwa 2023, ni ya hiari. Nchi nyingine hazikusubiri. New Zealand ilianza kulazimisha Mei 2018: meli inayokaa siku 21 au zaidi inaruhusiwa utelezi na banakeli wa shingo ndefu tu, maana hao ni wa bahari kuu na hawajikiti pwani. Mwishoni mwa 2022 meli ya kitalii Viking Orion ilizuiwa kuingia Adelaide, Australia, ikiwa na abiria, mpaka wapiga mbizi wasafishe bodi yake ikiwa nje baharini.

Sasa, meli yako ni ipi?

Kama ni meli kubwa ya mafuta au ya shehena ya wingi inayokwenda bahari hadi bahari, klorini ndiyo mwenza wako, na tope la tangi lizolewe kila chelezo. Kama inaingia mitoni na maziwani, chukua UV yenye nafasi ya ziada ya uwezo, usuuze kwa maji ya bahari kuu hata kama cheti hakidai, na uwekee bandari zenye tope mpango wa muda wa ziada gatini. Meli ya makontena yenye mwendo na ratiba: UV na silikoni. Mashua za matembezi, majahazi ya kuvutwa, mitambo ya kuchimba mafuta na kila kinachokaa mahali miezi kisha kikahamishwa taratibu, balasti isikushughulishe kwanza. Hivyo vinakusanya wakazi vikiwa vimetulia, na mwendo wa vyombo hivyo, kwa kuwa ni mdogo, hauwasombi. Visafishwe kabla havijaondoka, kule kule vilikokuwa.

Kwa afisa wa bandari, vyeti vya balasti atapewa bila kuomba. Maswali ya kuuliza ni mawili: mara ya mwisho meli hii ilisimama wapi kwa zaidi ya wiki mbili, na tangu wakati huo nani amefungua wavu wa visanduku vya maji? Jibu la pili likiwa "hakuna", kamera ya chini ya maji ianzie hapo.